Waitaliano walianza lini kula chakula kimoja? Nani aliwaunganisha mezani?

#1 Sufuria Kuu

Wakuu, habari za Jumapili.

Desemba 2025 UNESCO iliuweka upishi wa Kiitaliano kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Tangu hapo nakutana na watu wanaozungumza kana kwamba Italia nzima imekula tambi na mchuzi wa nyanya tangu enzi za Kaisari. Mimi nabisha.

Nchi yenyewe iliunganishwa 1861, Roma ikaingia 1870. Nyanya ni ya Amerika. Mtu wa kwanza kuiandika kule ni tabibu Mattioli wa Siena, 1544, na ukitafuta tambi kwa nyanya vitabuni utazunguka hadi karne ya 19. Cavalcanti wa Napoli anaiweka kwenye kitabu chake cha 1839. Kabla ya hapo mkulima wa kaskazini anakula ugali wa mahindi, wa milimani anakula mkate wa unga wa chestinati, wa kusini mkate mweusi na maharage ya fava. Nyama ilikuwa ya sikukuu.

Sasa nani aliwaleta kwenye sahani moja? Mimi nasema njaa na serikali. Roma ya kale ndiyo ilianza mchezo. Mwaka 123 KK Gaius Gracchus alipitisha sheria ya kuwauzia raia ngano kwa bei nafuu, 58 KK ikawa ya bure kabisa. Julius Caesar alipochukua madaraka alikuta watu 320,000 kwenye orodha ya mgao, akaikata ikabaki 150,000. Aliyeshika ghala ndiye aliyeshika mji, na hali imekuwa hiyo mpaka Mussolini. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Jongoo wa Pwani

Natandika mkeka. Endeleeni.

#3 MwanaTanga

Mkuu Sufuria Kuu, kwa nyanya umepita haraka. Kabla ya Cavalcanti kuna Antonio Latini, msimamizi wa meza za wakubwa pale Napoli, ambaye kwenye kitabu chake cha 1692 hadi 1694 anatoa mchuzi wa nyanya anaouita wa mtindo wa Kihispania. Ni wa kulia nyama, tambi haimo. Lakini nyanya tayari ilikuwa jikoni miaka mia na zaidi kabla ya huyo wako.

Na tambi zenyewe ni za kale kuliko nyanya. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyefanya kazi kwa mfalme Roger wa Pili wa Sicilia, anaandika mwaka 1154 kwamba Trabia, karibu na Palermo, kuna viwanda vya tambi kavu, na zinapakiwa melini kwenda Calabria na nchi nyingine za Waislamu na Wakristo. Watu wa pwani mtapenda hili: mtu huyohuyo, katika kazi hiyohiyo, anaitaja na Malindi yetu.

Kwa hiyo hoja ya njaa ina tundu. Tambi ya Trabia ilikuwa bidhaa ya biashara. Ilisafiri kwa sababu ilikauka vizuri na haikuoza baharini.

#4 Kobe Mwendo

Tambi si aliileta Marco Polo kutoka China? Sisi tulifundishwa hivyo shule.

#5 MwanaTanga

@Kobe Mwendo Marco Polo alirudi Venezia 1295. Genova kuna hati ya mthibitishaji ya mwaka 1279, ya kuorodhesha mali ya askari mmoja, na ndani yake limo kapu la makaroni. Na Al-Idrisi nimeshamtaja, amemtangulia Marco Polo kwa zaidi ya miaka mia. Hiyo hadithi ya China ilisambazwa sana na jarida la watengenezaji wa tambi wa Marekani mwaka 1929. Walikuwa wanatafuta wateja.

#6 Hesabu Kali

Nakubaliana na MwanaTanga kuhusu Sicilia, ila Napoli inamrudisha Sufuria Kuu mchezoni.

Hadi karne ya 16 watu wa Napoli walitaniwa kuwa ni wala majani, kwa sababu ya kabeji na mboga zao na nyama kidogo. Jina la wala makaroni lilikuwa la Wasicilia. Karne ya 17 jina likahamia Napoli. Mwanahistoria Emilio Sereni ameeleza kwa nini: mji ulifurika watu, utawala wa Kihispania ukashindwa kuulisha, nyama ikapanda bei na hata mboga zikawa hazitoshi. Wakati huohuo mashine za kukanda na kukamua unga zikashusha bei ya tambi. Maskini akahama kutoka kabeji kwenda makaroni yaliyonyunyiziwa jibini, akayala kwa mkono barabarani.

Fuateni bei. Ladha huja baadaye.

#7 Mlezi Brescia

Habari wadau. Mimi naishi kaskazini ya Italia, kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Naomba niongeze la hapa.

Bibi ninayemlea ni wa kijijini Veneto, umri umekwenda sana. Siku za mwanzo nilimpikia polenta nikidhani nampendeza, maana kwangu ule ni ugali tu, wa njano. Akausogeza pembeni. Alichoniambia ni kwamba utotoni waliula asubuhi, mchana na jioni, na juu ya meza samaki mmoja mkavu alining'inizwa kwa kamba. Kila mtoto alipitisha kipande chake cha polenta juu ya samaki apate harufu na chumvi. Samaki mwenyewe haliwi, mpaka siku baba aseme. Nimesikia kisa hichohicho kwa wazee wengine wa huku, ni kama kila familia ilikuwa na samaki wake.

Halafu akanieleza kuhusu bibi yake, ngozi ya mikono ilikuwa inabanduka, akili ikamruka. Ni pelagra. Ugonjwa huo ulipewa jina na tabibu Frapolli wa Milano mwaka 1771, na mwaka 1881 serikali ilihesabu wagonjwa zaidi ya laki moja, wengi wakiwa Veneto na Lombardia. Wanavijiji waliishia hospitali za vichaa.

Ndiyo maana nikisikia polenta inasifiwa kwenye mahoteli kuwa ni chakula cha asili cha mababu, roho inaniuma. Mababu hawakuichagua.

#8 Mkulima Ismani

Pole na kazi dada Mlezi, umeandika vizuri. Sasa mimi nalima mahindi na nakula ugali kila siku ya Mungu. Mbona hatubanduki ngozi?

#9 Hesabu Kali

@Mkulima Ismani kwa sababu huli ugali mtupu. Una maharage, una mchicha, una dagaa. Mahindi yana niasini, vitamini inayozuia pelagra, lakini imefungwa, mwili hauipati. Watu wa Mexico, wenye mahindi yao, huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kusaga na chokaa ndiyo inayoifungua. Wazungu walichukua mbegu wakaacha maarifa.

Na pelagra haijatuacha mbali kama unavyofikiri. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua zaidi ya 18,000. Walikuwa wanapewa mahindi na karanga. Karanga zilipokatika ndani ya mgao, pelagra ikaingia.

#10 Mlezi Brescia

Asante @Hesabu Kali. Niongeze kwamba hata wenyewe hawakukubaliana. Daktari Lombroso alishika msimamo kwamba sumu iko kwenye mahindi yaliyooza, yale yaliyovunwa mabichi na kuhifadhiwa vibaya. Wengine walisema hapana, ni umaskini: mkulima anauza ngano kulipia kodi ya shamba, mahindi ndiyo yanabaki kwake. Ukitazama utaona tofauti. Ukisema ni kuoza, utamwambia mkulima ajenge ghala zuri. Ukisema ni umaskini, itabidi umguse mwenye shamba. Sheria ya 1902 ilishughulika na mahindi mabovu na kuwalisha wagonjwa. Mikataba ya mashamba haikuigusa.

#11 Malindi Damu

Salaam kutoka Malindi, mji uliotajwa na huyo Mwarabu wa MwanaTanga.

Huku Waitaliano tunao tangu miaka ya sitini, wakati ule wa kituo cha roketi cha San Marco pale Ngomeni, halafu mahoteli yakafuata. Nimekaa jikoni kwao muda mrefu. Jambo moja nililoliona: mgeni wa Milano na mgeni wa Napoli hawakubaliani hata maji ya tambi yatiwe chumvi kiasi gani. Huyu anataka siagi, yule akiona siagi anauliza kama mafuta ya zeituni yameisha. Aliyetoka Genova anataka majani ya rehani yaliyosagwa. Watu wa Bologna ukiwawekea spageti na mchuzi wa nyama ukaita wa Bologna, wanaona umewatukana, wao wanataka tambi bapa za mayai.

Lakini wote, wote kabisa, ukimpa mtu kapuchino baada ya chakula cha mchana wanakutazama kwa huruma. Hapo ndipo niliona taifa moja. Kwa hivyo labda tunatafuta chakula kimoja wakati umoja wao uko kwenye saa na utaratibu wa kula.

#12 Kobe Mwendo

Malindi Damu wewe ulikuwa unakunywa ngapi za bure humo jikoni?

#13 Malindi Damu

@Kobe Mwendo za kutosha kukushinda wewe na Marco Polo wako.

#14 Binti Makorora

Hoja ya Malindi Damu ndiyo niliyokuwa naisubiri. Utaratibu wa kula Italia uliwekwa na Kanisa, si serikali wala njaa.

Kwa karne nyingi Mkristo wa kule alikatazwa nyama zaidi ya siku mia kwa mwaka: Kwaresima nzima, Ijumaa, mikesha ya sikukuu. Siku hizo tajiri na maskini wote walitakiwa samaki, dengu, mboga, na mafuta ya zeituni badala ya mafuta ya nguruwe. Kalenda moja kutoka Alpi hadi Sicilia, miaka mia nyingi kabla ya 1861. Umoja gani mnautafuta zaidi ya huo?

Na kalenda hiyo ndiyo iliyoingiza vyakula. Mfanyabiashara wa Venezia, Pietro Querini, alivunjikiwa meli mwishoni mwa 1431, mwanzoni mwa 1432 akaokolewa na wavuvi wa kisiwa cha Røst, Norwe. Akarudi kwao na habari za samaki wanaokaushwa kwa upepo wakawa wagumu kama kuni. Kwa miji iliyo mbali na bahari, samaki asiyeoza wa kuliwa Kwaresima alikuwa neema. Mpaka leo Vicenza wanajivunia pishi la samaki huyo, na bahari ya karibu nao haina samaki wa aina hiyo.

Halafu kuna meza za Mtakatifu Yosefu, Sicilia, tarehe 19 Machi. Familia inatandaza mikate ya mapambo, maharage ya fava, tambi, machungwa, nyama hakuna. Maskini wa mtaa wanaketishwa kwanza kwa jina la Familia Takatifu, wenye nyumba wanawahudumia. Nikiisoma naona futari za mitaani kwetu, mlango wazi na jirani haulizwi ametoka wapi.

#15 Nyundo Kavu

Binti Makorora, heshima kwako, lakini umeitazama meza siku ya sikukuu tu. Siku nyingine zote meza ya Italia ilikuwa kipimo cha nani ni nani.

Plinio Mdogo, Mroma wa mwaka 100 hivi, ana barua anayosimulia karamu aliyoalikwa. Mwenyeji alijiwekea yeye na wachache chakula kizuri, waliobaki wakapewa vipande vya bei rahisi. Hata divai ilikuwa ya aina tatu: moja ya mwenyeji na wakubwa wenzake, moja ya marafiki wadogo, moja ya watumwa walioachiwa huru. Wote wameketi chumba kimoja! Plinio akaulizwa yeye hufanyaje, akasema kila mtu kwake hupewa sawa. Jirani yake akashangaa: hata walioachiwa huru? Gharama utaiweza? Akajibu kwamba wao hawanywi divai yake, bali yeye ndiye anayekunywa ya kwao.

Nenda mbele miaka 1500. Giulio Cesare Croce wa Bologna anatunga kisa cha Bertoldo, 1606. Bertoldo ni mkulima mwerevu anayechukuliwa na mfalme kuishi ikulu. Anaugua. Matabibu wanamlisha vyakula laini vya wakubwa, yeye analilia maharage na kitunguu, na tanipu zilizochomwa kwenye majivu. Hawamsikii, anakufa. Watu walicheka, lakini fundisho la zama zile ni hilo: tumbo la mkulima limeumbwa kwa vitu vya chini ya ardhi, ndege wa angani ni wa mabwana. Waliandika hata kwenye vitabu vya tiba. Kuna methali yao inayosema usimjulishe mkulima jinsi jibini inavyonoga na tunda la pea.

Na waliokuwa wanalima nusu kwa nusu na mwenye shamba, Toscana na Umbria, walikuwa na wajibu wa kupeleka majogoo walionona Krismasi na mayai Pasaka, juu ya nusu ya mavuno. Mikataba mipya ya aina hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1964. Elfu moja mia tisa sitini na nne, wadau! Tayari watu wanaangalia televisheni.

Chakula hakikuwaunganisha. Kiliwapanga.

#16 Jongoo wa Pwani

Hiyo ya jibini na pea nimeipenda. Ni ukatili wa kiwango cha juu.

#17 Sufuria Kuu

Naona mnanisogeza kwenye kona, ila @Nyundo Kavu umenijengea hoja. Serikali mpya ya umoja ilipozaliwa, salamu yake ya kwanza kwa maskini ilikuwa mdomoni. Mwaka 1868 ilipitishwa kodi ya kusaga nafaka, ikaanza Januari 1869. Kwenye kinu kilifungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya jiwe, na kila mzunguko una kodi. Unakwenda kusaga chakula cha watoto, serikali imekaa ndani ya kinu. Watu waliinuka nchi nzima, zaidi ya 250 wakauawa. Kodi ikaendelea hadi 1884.

Mei 1898 bei ya mkate ilipanda tena, mavuno yalikuwa mabaya na vita vya Marekani na Hispania vimekata meli za ngano. Milano ikaingia barabarani. Jenerali Bava Beccaris akapiga mizinga ndani ya mji. Hesabu ya serikali ilisema wamekufa watu 80, wapinzani walisema ni wengi zaidi. Mfalme Umberto akampa jenerali nishani. Miaka miwili baadaye, 29 Julai 1900, Gaetano Bresci alitoka New Jersey, Marekani, akamuua mfalme huyo pale Monza kulipiza kisasi cha Milano.

Mkate uliua watu, na mkate ukamuua mfalme. Nani ataniambia serikali haikuwa na mkono kwenye sahani?

#18 Mama Lishe Msomi

Posti kumi na saba na hakuna aliyetaja aliyekuwa anapika!

Mwaka 1891 mfanyabiashara mstaafu, Pellegrino Artusi, alichapisha Firenze kitabu cha mapishi kwa fedha yake mwenyewe baada ya wachapishaji kumkataa. Kilianza na mapishi 475, toleo la mwisho lina 790. Yameongezeka vipi? Wanawake. Walimwandikia barua kutoka mikoani: hapa umekosea kipimo, sisi kwetu tunaweka hivi. Yeye na Marietta Sabatini, mpishi wake, pamoja na Francesco Ruffilli, wakayajaribu jikoni. Pishi la mkate mtamu wa Krismasi amelipa jina la Marietta, na alipofariki 1911 aliwaachia wapishi wake hao mapato ya kitabu.

Mwanahistoria Piero Camporesi alisema kitabu hicho kimeiunganisha Italia kuliko riwaya yao kubwa ya taifa. Mwanamke wa Torino akajua wanachopika Bologna, kwa lugha moja ya Kiitaliano badala ya lugha za mikoa. Nani aliwaunganisha? Mabinti na mama wa nyumbani, kwa posta.

#19 Hesabu Kali

Mama Lishe, nakuheshimu, lakini sensa ya 1901 inaonyesha karibu nusu ya Waitaliano hawakujua kusoma, na kusini hali ilikuwa mbaya zaidi. Artusi aliwafikia wenye nyumba zenye mtumishi. Sicilia na kusini yote ina kurasa chache mno humo.

Mnataka kilichowakusanya wasiosoma? Jeshi. Vita ya Kwanza ya Dunia iliandikisha wanaume zaidi ya milioni tano, wengi wakulima. Mgao wa mstari wa mbele ulikuwa na mkate wa ngano, nyama, tambi au wali, kahawa. Kuna vijana waliokula nyama kila siku kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye mahandaki. Mkulima wa Veneto na wa Calabria wakapakuliwa sufuria moja. Waliorudi hai hawakutaka tena kurudi kwenye polenta tupu.

#20 Mama Lishe Msomi

@Hesabu Kali na hao wasiosoma walilishwa na nani walipokuwa watoto? Barua ni zile zilizobaki. Mapishi mengi yalipita kwa mdomo na hayana sensa.

#21 Paterson Mtaa wa Pili

Sufuria Kuu umeutaja mkoa ninaoishi. Bresci alifanya kazi ya kufuma hariri hapahapa Paterson, New Jersey.

Hoja yangu ni kwamba chakula cha Kiitaliano kilizaliwa nje ya Italia. Kati ya 1876 na 1915 karibu watu milioni 14 waliondoka. Kwao mtu alikuwa wa kijiji chake. Huku Marekani Msicilia akapanga na wa Napoli na wa Bari, duka ni moja, wote wakaitwa Waitaliano kwa mara ya kwanza. Mishahara ikawawezesha kununua nyama, unga mweupe, jibini, vitu vya meza ya bwana kule kijijini. Mlo wa Krismasi wa samaki wa aina saba mnaousikia umekuwa mkubwa huku kuliko kwao. Na mahitaji yao ndiyo yaliyokuza viwanda vya nyanya za kopo na tambi kule nyumbani.

Alberto Grandi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Parma, amewakasirisha Waitaliano wengi kwa kusema kwamba mapishi mengi wanayoyaita ya kale ni ya baada ya vita. Anasema hata karbonara, tambi za mayai, jibini na nyama ya nguruwe, ina mkono wa Mmarekani: wanajeshi wa 1944 walikuja na mayai ya unga na bekoni.

#22 Kobe Mwendo

Karbonara ni ya Roma bwana, watu wa Roma wanaijua tangu mababu.

#23 MwanaTanga

@Kobe Mwendo nenda taratibu kama jina lako. Pishi la karbonara kwenye jarida la Italia lilichapwa 1954, na lina jibini ya Gruyère ya Uswisi na kitunguu saumu. Mroma wa leo ukimpikia hivyo anaondoka mezani. Lakini pia @Paterson usibebe yote: Cavalcanti, yule wa 1839, ana makaroni ya mayai na jibini yaliyopigwa pamoja. Wamarekani wakikuta msingi umeshajengwa, wao wameezeka.

#24 Mwana wa Eastleigh

Nawafuatilia toka juu, na kuna nyumba mmeiruka. Koloni.

Oktoba 1935 Mussolini aliivamia Ethiopia, Novemba Jumuiya ya Mataifa ikaiwekea Italia vikwazo. Serikali ikahimiza watu waache chai na kahawa za nje wanywe karkade, ile rozela nyekundu, kutoka Eritrea. Ikaanzisha shirika la ukiritimba wa ndizi, likiwa na meli zake, kubeba ndizi za Somalia zilizolimwa kando ya Juba na Shebelle. Mtoto wa Milano alionja himaya kwa ndizi. Kabla ya hapo, kuanzia 1925, kulikuwa na kampeni ya ngano ya kutonunua nje, na wali ukapigiwa debe. Mwaka 1930 mshairi Marinetti akafikia kutangaza vita dhidi ya tambi, kwamba zinawafanya wanaume kuwa wazito na wavivu. Walimcheka, wakaendelea kula. Lakini 1941 mgao wa mkate ulikuwa gramu 200 kwa siku, Machi 1942 ukashuka 150. Kwa hiyo @Sufuria Kuu, serikali ilijaribu kweli, ikaishia kuwanyima.

Upande wa pili wa bahari kilichobaki ni baasto, yaani tambi. Sisi Wasomali tunaila na mchuzi wa nyama wenye hawaji, na ndizi mbivu pembeni unaila pamoja, tonge kwa tonge. Njoo Eastleigh uone. Babu yangu aliwachukia Waitaliano mpaka kaburini na hakuacha baasto. Mnaponiambia chakula kinaunganisha watu, nawaomba mkumbuke kinaweza kukaa kwa mtu ambaye hakumkaribisha aliyekileta.

#25 Binti Makorora

@Mwana wa Eastleigh nimekusoma mara mbili. Ndizi na tambi nilidhani ni utani wa mitandaoni. Nitajaribu.

#26 Ssebo wa Bukoba

Kwa taarifa tu: harakati ya Slow Food, ya kutetea vyakula vya kienyeji, iliyochipuka Italia baada ya kelele za kupinga McDonald's kufunguliwa karibu na Piazza di Spagna, Roma, 1986, tangu Julai 2022 rais wake ni Mganda, Edward Mukiibi. Carlo Petrini mwanzilishi alimwachia yeye. Mwafrika ndiye anayewatetea sasa.

#27 Nyundo Kavu

Safi. Ila naomba turudi kwenye ubaguzi wa sahani, kuna kitu nimekumbuka. Artusi wa Mama Lishe anaandika kwamba miaka arobaini kabla yake, sokoni Firenze biringanya zilikuwa hazionekani, zikidharauliwa kuwa chakula cha Wayahudi. Na anawasifu Wayahudi kuwa na pua nzuri kuliko Wakristo. Leo biringanya ya kuoka na jibini iko kila mgahawa. Inasemekana Wayahudi waliofukuzwa Sicilia 1492, ikiwa chini ya Hispania, ndio waliopanda nazo kaskazini. Kama ni hivyo, waunganishaji ni watu waliofungiwa mageto, mitaa ya kuwatenga Wayahudi.

#28 Mama Lishe Msomi

Biringanya kwangu wateja wanazitaka na nazi. @Mlezi Brescia, muulize bibi kama kijijini kwao walizijua kabla ya vita.

#29 Mlezi Brescia

Nimemuuliza leo. Hawakuzijua kabisa. Biringanya ya kwanza aliiona miaka ya sitini, ameshaolewa yuko mjini, jirani wa ghorofa moja alikuwa mwanamke wa Puglia ambaye mumewe alikuja kiwandani. Mume wa bibi hakutaka harufu ya kitunguu saumu kwenye ngazi, wakagombana na jirani. Baadaye yule mama akapitisha sahani watoto walipougua, na bibi akajifunza kupika kwake. Mume alikula bila kuuliza imetoka wapi.

#30 Hesabu Kali

Dada Mlezi umefungua jambo jipya kabisa. Miaka ya hamsini na sitini watu wa kusini walihamia Torino na Milano kwa treni kutafuta kazi viwandani, na kule walikuta vibao vya kutopangisha nyumba kwa watu wa kusini. Televisheni ilianza 1954, na 1957 vikaja vipindi vya matangazo ya biashara vya jioni, tambi ya kiwanda kimoja inaonekana nchi nzima kwa wakati mmoja. Friji na mshahara vikaingia nyumba za wafanyakazi. Mimi naweka umoja wao hapo, na naondoa kura yangu kwa jeshi.

#31 Nyundo Kavu

Hesabu Kali unahamahama. Mume amekataa harufu, vibao vimekataa watu, na wewe unaita umoja? Sahani ilipita ngazi, mwenye sahani aliendelea kukataliwa nyumba.

#32 Mlezi Brescia

@Nyundo Kavu yule mama wa Puglia ndiye aliyesimamia ubatizo wa mtoto wa tatu wa bibi. Kwenye nyumba yao hilo nimeliona kwenye picha. Za nyumba nyingine sijui.

#33 Sufuria Kuu

Mkuu Hesabu Kali, hivyo viwanda vya tambi na bei ya ngano miaka ya hamsini vilisimamiwa na nani? Mpango wa Marshall, ule msaada wa Marekani baada ya vita, ulileta ngano, serikali ikagawa. Kesho nitaleta habari za bei ya mkate kupangwa na wakuu wa mikoa baada ya vita, tuone kama bado mtasema serikali haikuwepo.